Pesa Ndizo Zilizomharibu Shyamalan

Kaa na vijana wa Lulimba, hapa Fizi, mashariki mwa Kongo, wanaopenda sinema, soda yako haitafika nusu kabla hujasikia: "Sisi tungepiga filamu, ila pesa hatuna." Wanayasema hayo wakitoka kibanda cha video, kwenye mabenchi ya mbao na turubai linalovuja, na kila mtu anaitikia kana kwamba imesomwa Injili. Mimi sikubali. Ni kisingizio.

Mwangalieni M. Night Shyamalan, mwongozaji filamu wa Marekani. Mwaka 1999 alitoa The Sixth Sense, dunia ikamshangilia, na pesa zikaanza kumfuata. Mwaka 2010 The Last Airbender ilimeza dola milioni 150, ikaambulia tuzo ya Razzie ya filamu mbaya kuliko zote za mwaka. After Earth ya 2013 ikala nyingine milioni 130, ikachekwa vilevile. Watu wakasema huyu kwisha habari yake.

Akaweka nyumba yake rehani, akapiga The Visit (2015) kwa dola milioni 5. Watoto wawili, babu na bibi, nyumba moja ya shamba. Sheria ni moja: ikishapiga saa tatu na nusu usiku, msitoke chumbani. Halafu huko nje ya mlango unasikia kucha zinakwaruza. Basi, ni hilo tu. Hakuna gari linalolipuka, na bado mtazamaji anapandisha miguu juu ya benchi. Ikafuata Split, ya milioni 9, sehemu kubwa imefungiwa katika vyumba vya chini ya ardhi, mwigizaji James McAvoy akigeuka mtu huyu na yule kwa uso na sauti. Iliingiza zaidi ya milioni 270. Wakosoaji wakasema Shyamalan amerudi. Amerudi kwa sababu pesa zilipungua, akabaki na kile alichokijua tangu mwanzo: jinsi mtu anavyomwogopa mtu.

Mtaniambia milioni 5 nazo ni nyingi, na hakuna benki itakayopokea rehani ya nyumba ya udongo. Haya, twende Uganda. Mwaka 2010, uleule wa The Last Airbender, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya risasi na helikopta, kwa pesa zinazosemwa hazikufika dola 200. Leo inatazamwa dunia nzima. Ikiwa vita vizima vilipatikana kwa bei hiyo, hofu ya watu wawili chumbani itagharimu kiasi gani?

Sisi tunaiga filamu za ghali, ndipo tunapokwama. Kijana akishika simu yenye kamera nzuri, wazo lake la kwanza ni komando. Komando, hapa Fizi, ambako bunduki tunaziona bila kukata tiketi! Na hadithi iko hapo Misisi, kwenye machimbo: wachimbaji wawili wamepata dhahabu, mmoja ameificha, mvua imekata barabara, na wanalala kibanda kimoja. Nani atathubutu kusinzia kwanza? Hiyo inataka chakula cha waigizaji wawili, tochi na simu. Jenereta acheni, kelele zake zitaharibu sauti. Inataka pia wiki kadhaa za kukaa chini na kuyaandika mazungumzo ya hao wawili, na kwa kazi hiyo sijaona kijana anayejitokeza.