TUNAMCHEKA NANI?

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini naona wengi wetu hatujaipeleka pale inapostahili hasa, yaani mbele ya televisheni. Mpenzi msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya vichekesho vya familia, vile vinavyotuvunja mbavu wikendi, na wale watu tunaokutana nao humo kila mara.

Watu wenyewe mnawajua. Kuna baba mwenye majisifu, ambaye amri zote ni zake mpaka mkewe aingie mlangoni. Kuna mama mkali aliyewashinda wote kwa akili. Kuna jirani mdaku asiyekosa wakati wa chakula. Kuna mtoto mjanja. Na kuna yaya, ajuaye siri zote za nyumba hiyo na kulipwa kidogo kuliko wote. Badilisha majina, badilisha sebule, watu ni wale wale!

Wapo wanaosema kwamba huo ni uvivu wa waandishi. Ati wahusika hawakui, ati ni bapa. Waama, tunafundishwa hivyo kwa ajili ya Karatasi ya Tatu. Mwingereza E. M. Forster ndiye aliyewatenga wahusika bapa na wahusika duara katika kitabu chake cha mwaka wa 1927, na mpaka leo bado tunaulizwa jambo hilo katika mitihani. Lakini mimi sikubali kwamba ubapa ni kosa. Katika ngano za bibi zetu fisi ni mlafi tangu mwanzo hadi mwisho, na sungura ni mjanja. Nani amewahi kudai fisi aelezwe utoto wake? Huko Italia nako, katika karne ya 16, vikundi vya waigizaji vilikuwa na mzee bahili aliyeitwa Pantalone na mtumishi mtundu aliyeitwa Arlecchino, na watazamaji waliwatambua kwa mavazi na barakoa kabla hawajafungua kinywa. Kipindi cha nusu saa hakina nafasi ya utangulizi mrefu. Mhusika akiingia tu, ni lazima tujue ni nani ili kicheko kianze.

Basi swali langu si kama wahusika hawa ni bapa. Swali langu ni hili: kicheko chetu kinampiga nani, na kinampigia nini?

Tumtazame Papa Shirandula wa Citizen, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko mpaka alipofariki Julai 2020. Yeye ni soja. Lakini nyumbani, Wilbroda mkewe hajui; anadhani mumewe ni mtu wa ofisi kubwa. Kila kukicha mzee anaondoka kama bosi, halafu huko kazini anavaa sare ya ulinzi. Sasa tunacheka nini hapo? Hatuicheki kazi ya usoja. Tunaucheka uongo, tunaicheka aibu isiyo na sababu, tukijua kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ni baba yule yule wa majisifu, lakini mshale umelenga majisifu yenyewe wala si umaskini wake. Soja halisi aliyeketi na redio yake langoni angeweza kukitazama kipindi hicho na kucheka pamoja nasi.

Tumtazame pia Mzee Ojwang' wa Vitimbi kule KBC, ambaye wazazi wetu hawachoki kumsimulia. Benson Wanjau, aliyeaga dunia Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini aliigiza mzee Mjaluo kwa lafudhi iliyowafanya wengi waape kwamba alizaliwa Nyanza. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alikuwa mkewe jukwaani tu, na bado watu waliamini kabisa kwamba hao ni mtu na mkewe. Jambo ninalolipenda ni kwamba katika nyumba ile mwenye lafudhi nzito ndiye mwenye nyumba. Lafudhi haikuwa alama ya unyonge. Ilikuwa sauti ya mzee mwenye mambo mengi.

Sasa tuje kwa yaya, maana hapa ndipo usaha unapotumbuka. Aghalabu, michezo yetu humpa mwenye cheo Kiswahili sanifu au Kiingereza cha puani, na lafudhi ya mashambani hubebeshwa yaya, soja na mkulima. Ukiona hivyo mara moja, ni mchezo. Ukiona mara mia, unaanza kuamini kwamba lafudhi na ujinga ni ndugu. Simlaumu mwigizaji. Jacky Vike, aliyemwigiza Awinja katika Papa Shirandula, alilichukua jambo dogo kama kuagizwa chai akaligeuza kuwa kichekesho, na mara nyingi Awinja ndiye aliyewazidi wakubwa kwa maneno. Tatizo ni sisi watazamaji. Tunaichukua lafudhi, tunaiacha ile akili.

Mnadhani natia chumvi? Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, mwenzetu mmoja alisimama kuchangia. Sitataja anatoka wapi. Hoja yake ilikuwa nzuri, pengine kuliko zote za siku ile, lakini alitamka neno moja jinsi linavyotamkwa kwao. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, akamwita kwa jina la yaya mmoja wa televisheni. Ukumbi mzima ukalipuka. Msichana akaketi. Tangu siku hiyo huja, huandika, husikiliza, na hasemi kitu. Jamani, chama cha Kiswahili ambacho kinamnyamazisha mtu kwa sababu ya jinsi anavyozungumza Kiswahili ni chama cha nini?

Na tukumbuke, hakuna hata mmoja wetu asiye na lafudhi. Mmombasa anayo, wa Nairobi anayo na sheng' yake. Nyani haoni kundule!

Nina mapendekezo matatu kwa ajili ya mchezo wetu wa mwaka ujao. Kwanza, baba wa majisifu abaki, mama mkali abaki, na jirani mdaku abaki pia, maana bila wao hatuna kichekesho. Lakini kila mmoja achekwe kwa alitendalo, si kwa alikozaliwa. Pili, lafudhi igawanywe. Apewe daktari, apewe mwalimu mkuu, apewe tajiri, na yaya safari hii aongee Kiswahili kilichonyooka kama rula. Tuone kama watazamaji bado watacheka. Wakicheka, tutajua mchezo wetu una nguvu. Wasipocheka, tutajua tulikuwa tukiegemea nini. Tatu, yaya apewe dakika moja ya kuwa duara. Asome barua kutoka nyumbani, ahesabu mshahara wake, aseme anataka nini maishani. Dakika moja tu, kisha arudi jikoni mchezo uendelee. Nusu saa inaitosha dakika hiyo.

Najua wapo watakaosema kwamba naua mzaha. La hasha! Mimi napenda kucheka kuliko wengi wenu. Nataka tu, kabla meno hayajatoka nje, kila mmoja wetu ajiulize swali lililo juu ya ukurasa huu. Asiyekubaliana nami alete hoja zake katika mjadala wa kwanza wa muhula ujao, na azilete kwa lafudhi yoyote aliyo nayo.