Ukaguzi wa Moto Mijini: Mkaguzi Yuko Mezani, Jengo Linasubiri

Kila moto unapozuka sokoni au ghorofani, swali la kwanza la wananchi huwa ni saa ngapi gari la zimamoto liliwasili. Ni swali la haki. Lipo hata hivyo swali la pili, ambalo huulizwa mara chache: ni nani alilikagua jengo hilo kwa mara ya mwisho, na lini? Jibu lake liko masijala, ndani ya jalada la jengo, na huwa limekamilika au lina mapengo kulingana na idadi ya watumishi waliopo.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, iliyotungwa mwaka 2007, iliweka msingi wa kuziunganisha huduma zilizokuwa chini ya halmashauri ndani ya Jeshi moja, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jeshi hilo huzima moto na kuokoa, lakini pia hukagua majengo, hupitia michoro ya ujenzi, huchunguza vyanzo vya moto, hutoa vyeti vya usalama na kuelimisha umma. Majukumu haya ya kinga hayana king'ora, na ndiyo yanayokula saa nyingi za ofisi. (Neno lenyewe linaweza kumchanganya msomaji: ndani ya Jeshi, Mkaguzi ni cheo pia, na si kila mwenye cheo hicho hushinda akikagua majengo.)

Ukaguzi mmoja haumaliziki pale afisa anapotoka langoni. Baada ya kupima upana wa ngazi, kujaribu milango ya dharura na kusoma tarehe kwenye mitungi ya kuzimia moto, hurejea ofisini kuandika taarifa, kuandaa ankara na namba ya kumbukumbu ya malipo, kujibu barua ya mmiliki anayepinga maelekezo, na kupanga tarehe ya kurudi kuhakiki marekebisho. Hesabu ya mfano inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Afisa mwenye siku 220 za kazi kwa mwaka, akikagua majengo mawili kila siku, atafikia majengo 440. Nusu ya muda wake ikiishia mezani, atafikia 220. Akiitwa kwenye uokoaji wa wiki mbili, idadi hiyo inashuka tena, na hakuna anayemfidia siku hizo.

Kwa Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu mwaka 2021 ndilo eneo la Ilala, hali hiyo si ya kinadharia. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Soko la Karume likateketea Januari 2022. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Wakati huohuo mkoa mzima ulikua kutoka watu 4,364,541 katika Sensa ya 2012 hadi 5,383,728 mwaka 2022. Kila ghorofa jipya ni jalada jipya, na kila duka linalogeuzwa ghala ni jalada la zamani lisilosema kweli tena.

Hatari ya jalada lisilosema kweli ilionekana wazi katika jiji la Oakland, Marekani. Desemba 2, 2016 ghala lililojulikana kama Ghost Ship liliungua wakati wa onesho la muziki, na watu 36 wakapoteza maisha. Katika vitabu vya jiji lile lilikuwa ghala. Kwa hakika watu walikuwa wakiishi humo. Kituo cha zimamoto kilikuwa umbali wa dakika chache kwa miguu, lakini idara haikuwa na kumbukumbu ya kulikagua. Mwaka 2020 jiji lilikubali kulipa dola milioni 32.7 kwa familia za waathirika na manusura mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Jimbo la California lilikuwa limepitisha sheria inayozitaka idara za zimamoto kutoa taarifa kila mwaka, mbele ya chombo kinachozisimamia, kuhusu utekelezaji wa ukaguzi unaolazimishwa na sheria. Hatua hiyo haikuongeza mkaguzi hata mmoja. Ilichofanya ni kuufanya upungufu uonekane.

Kuajiri ni sehemu ya jawabu, ingawa askari mpya huchukua muda kuiva katika kazi ya kusoma michoro. Njia ya haraka zaidi ni kumrudisha mkaguzi jengoni: ankara, barua na utunzaji wa majalada vifanywe na makarani na watunza kumbukumbu. Mifumo ya kielektroniki itasaidia ikiwa tu taarifa haijazwi mara mbili, kwanza kwenye karatasi, kisha kwenye kompyuta. Aidha, si busara duka dogo lenye mlango mmoja unaofunguka barabarani kusubiri katika foleni moja na bweni la wanafunzi au ghala la magodoro. Shule, hospitali, masoko na kumbi zinastahili kutangulia, hata kama makusanyo ya ada yatakuwa madogo.

Kwa upande wa wamiliki, mabadiliko ya matumizi ya jengo yasisubiri mkaguzi ayagundue mwenyewe, na nakala ya taarifa ya ukaguzi itunzwe ndani ya jengo. Kwa dharura, namba ya simu ni 114.

Hotuba za bajeti ya Wizara bungeni Dodoma hutaja idadi ya maeneo yaliyokaguliwa. Takwimu hiyo ingemwambia mwananchi mengi zaidi iwapo ingesomwa sambamba na nyingine mbili: maeneo yaliyopaswa kukaguliwa, na maafisa waliokuwepo kuifanya kazi hiyo.