Kurani katika Kompyuta: Matini Ipi Iaminiwe?

Suala la kuaminika kwa matini ya Kurani iliyomo katika kompyuta hujadiliwa kana kwamba shaka yote iko katika herufi. Upande huo kazi nzuri imekwisha kufanyika. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, umetoa matini iliyohakikiwa kwa kulinganishwa na Msahafu wa Madina, na juu ya matini hiyo Kais Dukes wa Chuo Kikuu cha Leeds alijenga mkusanyo uliochanganuliwa kisarufi neno kwa neno.

Hatari imo katika matumizi. Chukua neno Rahmani, ambalo katika Kurani, kwa mapokezi ya Hafs, limetajwa mara 57. Katika faili la Tanzil la maandishi matupu, basmala inayotangulia sura huandikwa pamoja na aya ya kwanza. Basmala za namna hiyo ni 112, kwani katika Al-Fatiha basmala yenyewe ni aya, na At-Tawba haina. Programu isiyoelekezwa itatoa jumla ya 169, na tasnifu itajengwa juu ya idadi hiyo. Vilevile, neno la sala huandikwa kwa wau katika hati ya Kiuthmani na kwa alifu katika hati ya kawaida. Atafutaye bila kujua hati ya faili lake atakosa mifano mingi. Hata aya 6236 ni hesabu ya Kufa tu.

Tafsiri ina uzito zaidi, nayo yawahusu wanaisimu wa Kiswahili moja kwa moja. Tafsiri ya Kiswahili iliyomo Tanzil ni ya Ali Muhsin al-Barwani (1995). Mtafiti wa msamiati anayeinakili na kuiita “Kurani ya Kiswahili” huwafuta Godfrey Dale (1923), Mubarak Ahmad Ahmadi (1953) na Abdullah Saleh al-Farsy (1969), pamoja na mabishano yaliyowafanya wateue maneno tofauti. Al-Farsy, kwa mfano, aliandika akiijibu tafsiri ya Ahmadi. Hapo upatikanaji wa faili ndio uliochagua data, wala si swali la utafiti.

Kwa hiyo wasimamizi wa tasnifu hawana budi kudai kwamba yatajwe mapokezi, hesabu ya aya, hati, toleo la faili na jina la mfasiri. Na anayetaka kumchunguza al-Farsy afungue kitabu chenyewe, asome na maelezo yaliyo chini ya aya.