Kakuro imenirudisha kwenye hesabu niliyoikimbia



Ndugu msomaji, leo nakiri jambo la aibu. Hesabu niliikimbia tangu sekondari. Chuo kikuu nikachagua masomo ya maneno, na nilipopata kazi gazetini nikasema afadhali, huku hakuna kujumlisha. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Msimu mmoja wa pamba niliandika habari ya kilo zilizonunuliwa katika vijiji vitano hapa Bariadi. Nilipewa karatasi ya takwimu, nikainakili kama ilivyo. Habari ilipotoka, mwalimu mmoja mstaafu akanisimamisha Somanda. "Mwanangu, hivi ulijumlisha?" Nikajumlisha palepale mbele yake. Jumla niliyoandika ilizidi ya vijiji vyote kwa kilo 10,000! Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Mzee hakunicheka. Alitoa mfukoni karatasi yenye miraba, akaniambia, "Anza na hii." Ilikuwa kakuro.

Kwa asiyeijua, inafanana na lile fumbo la maneno la magazetini, ila humu unajaza tarakimu, 1 hadi 9. Kila mstari umeandikiwa jumla yake, na tarakimu hairudiwi ndani ya jumla moja. Chukua visanduku viwili vinavyokwenda kulia, jumla yake 16. Lazima ni 7 na 9, maana 8 mbili haziruhusiwi. Vinavyoshuka chini ni viwili pia, jumla 17. Hizo ni 8 na 9 tu. Basi kisanduku cha makutano ni 9. Umebahatisha? Hapana. Umethibitisha.

Utamu wake uko hapo. Kila tarakimu inahojiwa mara mbili, kwa mlalo na kwa wima. Haipiti kwa sababu mkubwa fulani ameisema.

Fumbo hili lilichapishwa na magazeti ya Dell ya Marekani mwaka 1966. Baadaye Mjapani Maki Kaji, aliyefariki mwaka 2021, akalipa umaarufu kupitia kampuni yake ya Nikoli. Mwaka 2005 gazeti la Guardian la Uingereza likaanza kulichapa.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wazungu na watu wenye nafasi. Sikubaliani nao. Wazee wetu wanacheza bao kivulini, wanahesabu kete kichwani bila karatasi wala kalamu. Tena fumbo la maneno linataka msamiati. Kakuro haikuulizi Kiingereza wala Kiswahili. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukaa na babu yake wakalimaliza pamoja.

Ombi langu kwa wahariri: punguzeni kidogo ule utabiri wa nyota, mtupe kakuro. Mkoa wetu wa Simiyu unaishi kwa pamba, na pamba ni mizani, kilo na bei. Mkulima aliyezoea kujumlisha kwa raha hatapokea malipo kwa kuangalia sura ya karani. Na mwandishi aliyezoea hatawapotosha wasomaji wake kama nilivyofanya mimi.

Siku hizi kila karatasi ya takwimu naijumlisha mwenyewe kwanza. Wengine wananiona msumbufu. Poa tu.

Haya, zoezi: visanduku vitatu, jumla 23. Ni tarakimu zipi? Ukizipata, kaitazame upya risiti yako ya pamba.

Tuko pamoja.