Corona: Usitazame idadi tu, tazama asilimia
Watu 500 wamekutwa na corona leo. Ni wengi? Inategemea waliopimwa ni wangapi. Kati ya 10,000, ni asilimia 5. Kati ya 2,000, ni asilimia 25, na hapo ujue wengi wanatembea na virusi bila kupimwa.

Kenya ilijionea mwaka 2021. Asilimia hiyo ilipanda kutoka 2 mwezi Januari hadi 22 mwezi Machi. Tarehe 26 Machi, Rais Uhuru Kenyatta akafunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Waliokuwa na safari wakakwama.

Dalili zilikuwepo mapema. Asilimia ikipanda wiki mbili mfululizo, usingoje tangazo: vaa barakoa kwenye matatu, na harusi ya watu wengi isogezwe mbele.