Kilwa si magofu tu

Kila ikitajwa ziara ya Kilwa hapa chuoni nasikia Kilwa Kisiwani tu: msikiti mkuu wa karne ya 11, Ibn Battuta aliyefika 1331, Urithi wa Dunia tangu 1981, piga picha, kwisha habari. Safi, ila mimi nasema hiyo ni nusu ya historia.

Ng'ambo, Kilwa Kivinje, kuna Mwembe Kinyonga, Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Miaka kumi baadaye, 1905, Maji Maji ikaanzia Umatumbini. Chanzo kikubwa? Watu kulimishwa pamba kwa nguvu.

Na sisi wa Kibaha na Kisarawe tusijifanye wageni. Moto ule ulifika hadi Uzaramo. Kibasila, kiongozi wa Kisangire kule Kisarawe, naye aliingia vitani. Wengi tunalijua jina lake kwa ajili ya shule ya Dar tu!

Jamani, magofu yanawasemea masultani. Waliokufa kwa kuikataa ile pamba nani atawasemea? Ziara ikipangwa, Kivinje iwemo, na siku nyingine twende Kisangire tukawasikilize wazee. Mnasemaje?

Nawakilisha.