Nyumba Njema Si Mlango

Mtu akitaka kununua motokaa ya zamani ya mbio, kama MGB iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1962 hata 1980, asidanganywe na rangi yake. Motokaa hiyo haina shasi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Basi tuiname, tugongegonge sakafu na kingo zilizo chini ya milango. Tukiiinua kwa jeki, na milango ikakwama, tujue kutu imekula mifupa. Injini mbovu hutengenezeka. Lakini mifupa ikioza, yafaa bodi nzima mpya, ambazo zilianza kuundwa tena mwaka 1988, nazo si rahisi. Tuhesabu kwanza, tusije tukazika chakula cha watoto ndani ya kutu.